Somo: Kovu la mapafu kwa panya, tangu bleomisini hadi mchemsho wa Kichina

Bleomisini ni dawa ya saratani, na hapa inatumika kuwatia panya kovu la mapafu ili kujaribu kama mchemsho wa mitishamba ya Kichina unalitibu. Mapafu yana uhaba wa kimeng'enya cha kuivunja, ndiyo maana huumia mapema. Kibali cha maadili ya wanyama kiwepo kabla ya panya kuletwa.

1. Tumia panya wadogo wa ukoo wa maabara uitwao C57BL/6, wiki 8–12. Wa ukoo wa BALB/c ni wagumu kupata kovu.

2. Soma lebo: uniti au miligramu? Miligramu 1 hubeba uniti 1.5 hadi 2, hivyo ukizichanganya unaweza kuzidisha dozi karibu maradufu na vifo vikaanza. Yeyusha kichupa cha uniti 15 kwa mililita 15 za salaini (maji ya chumvi). Kwa uniti 2 kwa kilo, panya wa gramu 25 anapata mikrolita 50. Kundi linganishi lipate salaini, ujazo uleule.

3. Panya akishalala kwa nusukaputi, mlaze kwenye ubao ulioinama, vuta ulimi pembeni, mulika shingo kwa nje. Utaona tundu jeupe likifunguka na kufunga. Pitisha kanula (kijibomba laini) ya geji 22, kisha weka tone la salaini mdomoni mwa kanula: likipanda na kushuka kwa pumzi, uko kwenye koo la hewa, likitulia, umeingia umio. Tia dawa, isukume kwa mililita 0.2 za hewa, msimamishe wima na umgeuzegeuze. Usipofanya hivyo, pafu moja laweza kuumia na jingine kubaki safi.

4. Mpime uzito kila siku. Aliyepoteza asilimia 20 asiachwe ateseke. Mwondoe kwa dozi kubwa ya nusukaputi.

5. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Siku 7 za mwanzo ni uvimbe. Kovu hukomaa siku ya 14 hadi 21, na kwa panya vijana huanza kupungua lenyewe baada ya hapo. Mchemsho ulioanza siku ya 1 huenda umezuia uvimbe tu, halafu unaitwa dawa ya kovu. Anza siku ya 8 au 10, malizia ya 21. Weka pia kundi la kulinganisha la nintedanibi, dawa ya kovu la mapafu, miligramu 60 kwa kilo kwa siku, kwa mdomo.

6. Pafu la kushoto lijazwe formalini kwa shinikizo la sentimita 25 za maji, lipakwe rangi ya Masson inayoonyesha kovu, lipewe alama za Ashcroft za ukali wa kovu (0–8) na msomaji asiyejua makundi. La kulia lipimwe haidroksiprolini, kiashiria cha kolajeni inayounda kovu, ukiandika kiasi kwa pafu zima: maji ya uvimbe hupotosha hesabu ya kila gramu.

Swali: Mchemsho wa gramu 60 kwa mtu wa kilo 60, panya apewe ngapi?
Jibu: Ni gramu 1 kwa kilo, zidisha kwa 12.3, kizidisho cha kugeuza dozi ya mtu kuwa ya panya, upate gramu 12.3 kwa kilo. Kwa kulisha mililita 10 kwa kilo, koleza mchemsho hadi gramu 1.23 za mitishamba kwa mililita. Ukiziba sindano, uchuje na ugawe mara mbili.

Swali: "Upungufu wa chi (nguvu ya uhai) na damu kutuama", hali inayotajwa na tiba ya Kichina, unatengenezwaje kwa panya?
Jibu: Watafiti huongeza moshi, baridi au kuogelesha hadi kuchoka juu ya bleomisini. Tatizo ni kwamba uzito hushuka kwa bleomisini na kwa nyongeza hiyo pia. Bila kundi la nyongeza pekee, mfano kuogeleshwa tu, hujui umepima nini.

Swali: Njia ipi huleta kovu lisilopona lenyewe?
Jibu: Vumbi la silika. Vinundu vyake hudumu, ila hufanana zaidi na ugonjwa wa wachimba migodi.