Kudhibiti Chawa na Utitiri wa Kuku wa Nyumbani

Kabla ya kununua dawa yoyote, mfugaji anapaswa kujua mdudu anayesumbua kuku wake anaishi wapi, kwa kuwa dawa inayonyunyiziwa mahali asipokuwapo haimpunguzi hata iwe kali namna gani. Chawa huishi maisha yao yote juu ya mwili wa kuku. Utitiri mwekundu, kinyume chake, hujificha mchana katika nyufa za banda na kumpanda kuku usiku ili kunyonya damu. Upo pia utitiri unaokaa kwenye manyoya usiku na mchana, na mwingine unaochimba chini ya magamba ya miguu.

Mkamate kuku na ufunue manyoya yake hadi ngozi, hasa karibu na tundu la haja, chini ya mabawa na shingoni. Chawa wana rangi ya majani makavu na hukimbia mara mwanga unapowafikia, na mayai yao hugandamana meupe kwenye shina la unyoya. Utitiri wa manyoyani ni mdogo zaidi na huyafanya manyoya ya sehemu hiyo yaonekane meusi na machafu. Usipoona kitu mchana, ilhali kuku wanasita kuingia bandani jioni, vilemba vyao vimepauka na utagaji umeshuka, ingia bandani usiku ukiwa na tochi na upitishe kitambaa cheupe chini ya fito wanazolalia. Alama nyekundu za damu zitakuonyesha kwamba adui yumo bandani.

Kwa chawa na utitiri wa manyoyani, tumia dawa ya unga au ya maji iliyoidhinishwa kwa kuku, kwa mfano yenye permethrin, na uifikishe kwenye ngozi badala ya kuirusha juu ya manyoya. Tibu kundi zima siku moja, maana kuku mmoja aliyeachwa huwaambukiza wengine wote. Dawa nyingi haziui mayai, kwa hiyo ni lazima urudie baada ya siku 7 hadi 10, na kwa maoni yangu kuiruka awamu hii ya pili ndiko kunakowafanya wafugaji wengi waamini kwamba dawa waliyonunua ilikuwa mbovu.

Utitiri mwekundu unadai kazi kubwa zaidi. Ondoa matandazo yote na uyachome, toa fito na viota, sugua banda, liache likauke, kisha nyunyizia dawa ndani ya nyufa, kwenye maungio ya mbao na hasa kwenye ncha za fito. Katika hali ya joto, yai huweza kufikia utu uzima kwa muda wa wiki moja hivi, ndiyo maana unyunyiziaji hurudiwa baada ya siku 5 hadi 7. Kulihamisha kundi na kuliacha banda tupu kwa wiki chache hakutoshi, kwani utitiri huu unaweza kuishi miezi kadhaa bila kunyonya damu.

Magamba ya miguu yakiinuka na kuota ukoko, loweka miguu katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, isugue taratibu kwa mswaki laini, ikaushe, kisha ipake mafuta mazito ya mgando kila baada ya siku chache hadi magamba mapya yaote. Usiyabandue kwa nguvu, na usitumie mafuta ya taa wala petroli, kwa sababu huunguza ngozi.

Dawa ya kuulia wadudu wa mazao shambani isitumike kwa kuku. Vaa barakoa na glavu, ondoa chakula na maji kabla ya kunyunyizia, na uwaweke paka mbali, kwa kuwa permethrin ni sumu kwao na kwa samaki pia. Soma kwenye kibandiko muda wa kusubiri kabla ya kula mayai au nyama, na usitumie ivermektini, dawa nyingine ya kuua vimelea, bila maelekezo ya daktari wa mifugo.

Kuku huwapunguza wadudu hawa wenyewe wakipata mahali pakavu pa kuogea vumbi, penye mchanga na majivu ya kuni. Ziba nyufa, tumia fito zilizoondolewa magome, zuia ndege wa mwituni wasijenge viota bandani, na ukague kuku wachache kila wiki mbili. Kuku mgeni atengwe wiki 2 hadi 4 na akaguliwe hadi kwenye ngozi kabla ya kuchanganywa na wenzake.