Punguza maneno, tumia picha
Mwalimu mwenzangu uliye na mtoto mwenye usonji darasani, jaribu kunyamaza. Akizoea kuambiwa "toa daftari, shika penseli", kila siku atakaa akisubiri sauti yako. Chora hatua nne kwenye kipande cha boksi: begi, daftari, penseli, kuandika. Kiweke mezani kwake pamoja na kibanio cha nguo, asogeze kibanio hicho hadi picha inayofuata kila anapomaliza hatua. Akikwama, simama nyuma yake, uongoze mkono wake taratibu hadi kwenye picha. Asiyependa kuguswa, mnyooshee kidole tu. Siku zinavyokwenda, punguza msaada: leo mkono, wiki ijayo kiwiko, baadaye usogee mbali kabisa. Na kabla hujaingilia, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Hapo ndipo wengi wetu tunashindwa!