Jinsi ya kuotesha na kutunza kirukia kwenye mti wako, hatua kwa hatua

Wakuu habari zenu. Najua wengi tumezoea kuambiwa kirukia, ule mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine, kikionekana kwenye mchungwa au mkorosho ni kukata tu, na kwa shamba la biashara hilo ni kweli kabisa, silipingi. Ila kama una mti wa kivuli nyumbani na unapenda chozi (wale ndege wadogo wanaofyonza maua) na vipepeo, basi kirukia kimoja kilichotunzwa vizuri kinakuletea ndege ambao hata ungepanda maua bustani nzima usingewapata kwa wingi huo. Mimi niko Morogoro, vyangu viko kwenye mgunga na mpera nyuma ya nyumba, na nitaeleza ninavyofanya mwenyewe.

Kwanza uelewe unachootesha. Hiki kitu hakioti ardhini, usije ukaweka mbegu kwenye kopo la udongo ukakaa kusubiri. Kinaota juu ya tawi, kinapenyeza kitu kama mzizi ndani ya mbao ya mti mwenyeji na kunyonya maji na madini, halafu chakula cha sukari kinajipikia chenyewe kwa jua maana majani yake ni ya kijani kama ya mmea mwingine wowote. Kwa hiyo sio mwizi wa kila kitu, ni mwizi wa maji zaidi. Hilo la maji lishike, huko mbele ndio litakuwa kazi yako kubwa.

Hatua ya 1: chagua mti mwenyeji, usiharakishe hapa

Watu wengi wanafeli kwenye hatua hii kabla hata hawajagusa mbegu. Virukia viko vya aina nyingi Afrika, kuna vinavyokubali miti ya kila namna, mfano Erianthemum dregei ambayo unaikuta kuanzia Ethiopia mpaka Afrika Kusini kwenye miti tofauti tofauti, na kuna vinavyochagua sana kama Plicosepalus curviflorus ambayo unaikuta hasa kwenye migunga. Na hata ndani ya aina moja, mbegu iliyotoka kwenye kirukia cha mpera mara nyingi inashika vizuri zaidi kwenye mpera kuliko kwenye mgunga. Sasa wewe usijisumbue na majina ya kitaalamu kama huyajui, fuata sheria moja tu: mbegu ichukuliwe kwenye mti wa aina ileile ya mti wako. Umeona kirukia kwenye mlimao wa barabarani, na wewe una mlimao, haya sawa. Una mwembe, endelea kutafuta mpaka ukipate cha mwembe.

Mti wenyewe uwe mzima, mkubwa, umeshika ardhi vizuri. Mti mchanga ambao shina bado halijafika unene wa mkono wako uache, utauonea. Mti unaougua au unaokauka ncha nao uache. Na nakuomba sana, kama uko karibu na shamba la parachichi, machungwa, korosho au kahawa la jirani usioteshe kabisa, maana ndege hawajui mpaka, watapeleka mbegu kule na mwenzio ndio atapata hasara ya jambo lako.

Hatua ya 2: pata matunda yaliyoiva

Matunda ni madogo, kwenye aina nyingi yakiiva yanakuwa mekundu au rangi ya chungwa. Lililoiva ukiligusa linaachia lenyewe na ukilibonyeza ni laini. La kijani achana nalo. Chuma asubuhi, weka kwenye kopo lenye kitambaa kibichi kidogo, na uoteshe siku hiyohiyo au kesho yake. Mbegu ya kirukia haihifadhiki jamani, haina gamba gumu la kuilinda kama maharage, ukiianika imekufa, ukiiweka kwenye bahasha umtumie ndugu yako mkoa mwingine itafika imekufa. Kama kirukia kiko kwenye hifadhi au mti wa mtu, omba ruhusa kwanza.

Chukua mengi kuliko unavyofikiri unahitaji. Nyingi zitapotea, nyingine zitaliwa na wadudu, nyingine mvua itazisomba, nyingine zitaota zishindwe kupenya. Ukitaka virukia viwili bandika mbegu 20 au 30, huo ndio uhalisia wake hata ndege akibandika mwenyewe porini.

Hatua ya 3: kubandika

Shika tunda kwa vidole, libonyeze taratibu upande wa chini, ganda la nje litavuka na mbegu itateleza nje ikiwa imezungukwa na ulimbo. Lazima ganda litoke, ukibandika tunda zima haioti, inaoza tu. Hii ndio kazi anayoifanya kitororo, yule ndege mdogo anayegonga tong tong tong mchana kutwa kama fundi bati: anakula tunda, anatema mbegu, halafu anafuta mdomo kwenye tawi na mbegu inabaki pale imenata. Wewe sasa ndio kitororo.

Chagua tawi lenye unene kati ya penseli na kidole gumba, gamba likiwa bado jembamba. Kwenye tawi nene gamba ni gumu, kijimche kinaishiwa nguvu kabla hakijafika kwenye mbao, na kwenye mpera gamba la zamani linabambuka na kuondoka na mbegu yako. Bandika ubavuni au chini ya tawi ili jua la mchana lisiipige moja kwa moja, ila tawi lenyewe liwe upande wa nje wa mti wenye mwanga, kivulini ndani kirukia kitadumaa. Na kaa mbali na shina, mita moja au zaidi. Sababu ni kwamba siku ukikichoka au kikizidi, unakata tawi moja na mambo yanaisha, lakini kikishika kwenye shina au tawi mama huwezi kukitoa bila kuuumiza mti.

Bandika siku kavu, ulimbo unahitaji masaa machache ukauke na kushika, mvua ikija kabla ya hapo inateremka yote. Usichane gamba kwa wembe ukidhani unairahisishia mbegu, haihitaji, na kidonda kinaleta utomvu na ukungu. Kama ulimbo unakusumbua vidoleni tumia tuthpiki kuisogeza. Nyama ya tunda iliyobaki pembeni ifute maana sisimizi wanaifuata, na wakija kwa wingi zungusha nailoni kwenye shina upake grisi juu ya hiyo nailoni, sio kwenye gamba lenyewe.

Funga kauzi ka rangi karibu na kila mbegu na piga picha kwa simu. Bila alama utasahau ulipobandika, nakuhakikishia.

Hatua ya 4: kusubiri, na usiguse

Ndani ya siku chache utaona kijikia cha kijani kinachomoza kwenye mbegu. Usifurahi mapema, mbegu ya kirukia inaota popote, hata juu ya waya wa umeme au jiwe, kuota sio kushika. Hicho kijikia kinakwepa mwanga, kinajipinda kuelekea kwenye gamba, ncha yake ikigusa inatanuka inakuwa bapa na kujigandisha, halafu kutokea chini ya hapo ndio kinaanza kupenya kuingia ndani. Wakati huo mmea unaishi kwa akiba iliyokuwa kwenye mbegu, na hapo ndipo vingi vinapofia. Kiangazi kikiwa kikali unaweza kupuliza maji kidogo sana asubuhi, matone mepesi, usimwage.

Halafu kunakuwa na kipindi kirefu utadhani kimekufa. Kimya, hakuna jani, miezi inapita, wewe usikibandue kuangalia chini kuna nini, ukikibandua umekiua. Ukiona bado ni kijani kiache. Dalili nzuri ni tawi kuanza kuvimba pale kilipogusa, hapo ujue wameungana, na majani mawili ya kwanza yakitoka na kukua una kirukia. Maua usiyatarajie mwaka huo, ni jambo la miaka.

Hatua ya 5: kutunza, yaani kutunza mti

Kirukia chenyewe hakimwagiliwi wala hakiwekewi mbolea. Unachohudumia ni mwenyeji. Kirukia kinapoteza maji kwa majani yake kuliko mti unavyopoteza, mti ukiona ukame unabana matumizi, chenyewe kinaendelea kuvuta tu, ndio maana kiangazi unaona sehemu ya tawi iliyo mbele ya kirukia inapukutisha majani na mwisho inakauka. Sasa wewe chimba beseni pana kuzunguka mti chini ya mwisho wa matawi, sio pale kwenye shina, jaza maji mengi mara chache kuliko kidogo kila siku, weka samadi iliyooza na matandazo juu. Majani ya kirukia yanayoanguka yaache hapohapo, yana rutuba nyingi, watafiti Zimbabwe walipima chini ya migunga yenye virukia wakakuta udongo umeneemeka kweli.

Usizidishe idadi. Mti mkubwa unabeba viwili vitatu bila shida, mti wa kawaida kimoja kinatosha.

Dawa ya wadudu usipige. Majani yakitobolewa ujue ni viwavi, na kuna vipepeo wa jamii ya Mylothris na Iolaus ambao viwavi wao wanategemea virukia kuishi, ukipiga dawa umeua kilekile ulichokuwa unakitafuta.

Maua ndio raha yenyewe. Kwenye aina nyingi ua likikomaa halifunguki lenyewe, linakaa limefumba limebana mpaka chozi aingize mdomo kwenye kijiufa cha pembeni, hapo linafyatuka ghafla na kumrushia chavua usoni, naye anahamia ua lingine akiwa amepakazwa. Unaweza kujaribu kwa tuthpiki, chomeka kwenye huo ufa polepole, na likifyatuka ujue chozi bado hajapita hapo.

Hatua ya 6: kudhibiti

Matunda yakianza kuiva vitororo watakuja na kazi ya kusambaza inaanza, kwa hiyo kagua miti yako yote ya matunda kila baada ya mvua, vijimche vidogo vibandue kwa kucha vikiwa bado havijapenya. Kilichokua tayari usikivunje tu juu, kinachipua tena, kata tawi lote sentimita 30 nyuma yake kuelekea shinani.

Suala la dawa nitalisema kwa ufupi kwa sababu watu watauliza. Ndio, wapo wanaochemsha majani na kunywa kutibu presha na kisukari, mimi sikushauri. Kirukia kinaweza kubeba kemikali za mti kilichopanda, kikiwa juu ya oliyanda, ule mti wa maua wenye sumu, kinaweza kuwa na sumu ya oliyanda, na kwa macho huwezi kujua.

Tawi lililovimba kwenye maungio usilitupe. Kirukia kikishakufa na kuoza, pale mbao ya mwenyeji inabaki na umbo la ua lenye mikunjo, Zimbabwe na Afrika Kusini wanayasafisha kwa brashi na kuyauza kama mapambo. Majani mabichi mbuzi wanayala vizuri sana hasa kiangazi, ila chambua matunda kwanza uyafukie, usiyarundike kwenye uzio maana vitororo watayafuata hukohuko.