Shanta la siku mbili: ninavyowaandaa vijana kwa safari ya miguu Konde hadi Vumawimbi

Kila likizo ya skuli mimi huchukua vijana kumi na wawili hivi, wa miaka 13 hadi 17. Tunashuka garini Konde, kaskazini mwa Pemba, tunakata Msitu wa Ngezi kwa miguu hadi ufukwe wa Vumawimbi, tunalala, na kesho yake tunakwenda Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa, kisha tunarudi. Si mbali. Waliowahi kunishinda njiani hawakushindwa na masafa: mmoja tumbo lilimwendesha, mwengine kisigino kilichunika, na wengi walilala na nguo mbichi. Kwa hiyo kazi yangu kubwa huwa nyumbani, siku mbili kabla ya kuondoka.

Hatua ya 1: Pima

Hapa Pemba mizani haikosekani. Naazima ile ya kupimia karafuu na kulitundika kila shanta. Kijana wa kilo 40 simpi zaidi ya kilo 7, maji yakiwemo. Lita mbili za maji ni kilo mbili, basi vitu vyote vilivyobaki ni kilo tano. Hapo ndipo mito, mablanketi na boksi la biskuti alilotia mama usiku hurudi ndani ya nyumba. Kinachobaki: nguo za kutembelea, nguo za kulalia, soksi jozi tatu, kandambili, kikoi au kanga mbili, tochi, sahani na kikombe cha plastiki, mswaki, kipande cha sabuni, neti. Taulo nzito liache. Kanga hukauka kabla chai haijachemka, na ni shuka, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kitambaa cha kumfungia aliyeteguka mkono.

Hatua ya 2: Tenga kikavu na kibichi

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar, na wala siitaki, maana hutoboka. Natumia nailoni ya ndani ya gunia la sukari, niliyoiosha na kuianika. Nguo za kulalia zinaingia humo, mdomo unasokotwa na kufungwa kamba, zinakaa chini kabisa. Sharti langu ni moja: hazifunguliwi mpaka usiku, hata mvua ikitupiga, hata mtu atetemeke. Akizivaa mchana, usiku hana tena. Nguo mbichi zitundike nje ya shanta, zikauke huku unatembea.

Hatua ya 3: Miguu

Raba iliyokwisha kuvaliwa ni bora kuliko mpya ya dukani. Kata kucha usiku wa kabla ya safari. Paka mafuta ya mgando kisigino na katikati ya vidole, kisha vaa soksi. Mtu akisikia kunaunguza, asimame pale pale, tubandike plasta. Akisema "nitavumilia" nampoteza. Jioni osha miguu kwa sabuni, kausha katikati ya kila kidole, vaa kandambili. Soksi iliyoroa jasho ndiyo mlango wa fangasi. Na baharini usiingie peku penye mawe. Miba ya wale viumbe weusi wa mviringo wanaokaa kwenye miamba (sea urchin) hukatikia ndani ya nyama.

Hatua ya 4: Kopo na dumu

Hapa sina mzaha. Mwaka mmoja kijana alitoka chooni na kopo mkononi, akalichovya kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Tulikuwa kumi na nne. Hadi alfajiri saba walikuwa wanapishana mlangoni. Tangu siku hiyo kopo la chooni ni jekundu, limefungwa kamba, na halitoki chooni. Maji ya kunywa yamo kwenye dumu lenye mdomo mwembamba, yanamiminwa. Hakuna mkono wala kikombe kinachoingia.

Maji ya kisima tunayachuja kwa kitambaa safi, tunayachemsha mpaka yatokote sawasawa, tunayafunika yapoe. Kuni zikiwa haba, tunatia vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi na kusubiri nusu saa. Kijana mmoja hunywa kama lita tatu kwa siku, na dafu likipatikana halikataliwi.

Mikono inaoshwa kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Kutawadha ni jambo jema, lakini hakuondoi haja ya sabuni. Dumu dogo lililotobolewa tundu, likatundikwa kwenye mti na sabuni pembeni, linatosha.

Tumbo likiendesha na huna paketi ya ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Anywe kidogo kidogo. Akitoa damu, au akilegea asiweze kunywa, safari imekwisha. Mpeleke kituo cha afya.

Hatua ya 5: Haja njiani

Msituni usitoke njiani bila mwongozaji wa hifadhi. Ikibidi, chimba shimo la kina cha shubiri moja, mbali na kisima au mkondo wa maji kwa hatua 70 au zaidi, kisha fukia. Chupa ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa inatosha kwa kujisafisha.

Hatua ya 6: Wasichana

Lazima awepo mwanamke mzima kwenye msafara. Yeye ndiye mwenye mfuko wa pedi za akiba, na hakuna anayemuuliza mtu kwa nini anauendea. Zilizotumika zinafungwa kwenye gazeti na kurudi nasi mjini.

Hatua ya 7: Kulala

Kabla ya yote nampigia hodi sheha, kiongozi wa eneo, kisha mwalimu mkuu wa skuli, tupewe madarasa mawili, la wavulana na la wasichana. Madawati yanasogezwa, mikeka inatandikwa, neti zinafungwa kabla ya magharibi, kabla mbu hawajaingia. Makumbi ya nazi tunayachoma nje kwenye upepo, si ndani; moshi wake hukohoza zaidi ya unavyofukuza mbu.

Hatua ya 8: Mkirudi

Pindua shanta ndani nje, likung'ute mchanga, lianike juani kutwa. Dumu lioshwe na kuachwa wazi kichwa chini. Kopo jekundu naliosha mwenyewe na kulitundika nyuma ya choo changu, lisije likatumika jikoni.