Namna ya Kupanga Usingizi Ikiwa Unafanya Kazi za Zamu ya Usiku

Muuguzi anayetoka wodini saa 1 asubuhi na mlinzi anayefunga lindo muda huohuo hukabiliwa na swali moja wanapofika nyumbani: walale saa ngapi? Wengi hulala wakati wowote usingizi unapowabana, na siku ya mapumziko hurudi kulala usiku kama watu wengine, wakiamini kwamba saa zikitimia, mwili umeridhika. Kwa mtu mzima, saa 7 au zaidi ndizo zinazopendekezwa, lakini wakati wa kulala nao una uzito wake, na ratiba inayoyumba kila siku huudhuru mwili hata pale saa zinapoonekana kutosha.

Sababu iko ndani ya ubongo. Juu kidogo ya mahali neva za macho zinapokutana pana kundi dogo la seli linaloongoza mzunguko wa takriban saa 24, na mwanga unaoingia machoni ndio hasa unaolirekebisha. Giza likiingia, melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huongezeka na joto la mwili huanza kushuka, hadi kufikia kiwango cha chini kabisa karibu saa 10 au 11 alfajiri. Mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza, kupitia nzi wa matunda, jinsi jeni zinavyoendesha mzunguko huu ndani ya seli. Kwa anayekesha kazini, la muhimu ni kwamba saa hiyo ya mwili husogea polepole, mara nyingi kwa takriban saa 1 tu kwa siku, hivyo anayelala mchana kwa siku tatu kisha akalala usiku kwa siku mbili huwa anauvuta mwili huku na huku bila kuuacha utulie popote.

Madhara yake ni ya kweli. Chakula kikiliwa usiku wa manane, sukari hukaa juu kwenye damu kuliko chakula hichohicho kikiliwa asubuhi, na wanaofanya kazi za zamu kwa miaka mingi huonekana kupata zaidi kisukari cha aina ya 2 na maradhi ya moyo. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani mwaka 2007, na ukathibitisha msimamo huo mwaka 2019. Katika maisha ya kila siku, dalili huanza mapema zaidi: hasira za karibu, kusahau, na uzito wa kuamua jambo dogo. Jaribio lililochapishwa mwaka 1997 lilionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hutenda kama mwenye kiasi cha pombe kwenye damu ambacho nchi nyingi zinamkataza dereva. Kwa hiyo usijiendeshe pikipiki au gari ukiwa unasinzia baada ya zamu. Panda daladala, au lala kidogo kwanza.

Anza kwa kuandika zamu zako za mwezi mzima, kisha tafuta saa chache ambazo utakuwa umelala kila siku, ya kazi na ya mapumziko. Kwa anayetoka saa 1 asubuhi, mpango mmoja unaofaa ni kulala kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri siku za kazi, na siku za mapumziko kulala kuanzia saa 9 usiku hadi saa 6 mchana. Hapo saa za kati ya 2:30 asubuhi na saa 6 mchana hazibadiliki kamwe, nazo ndizo zinazoupa mwili mahali pa kushika. Najua kuwa mwenye watoto wadogo hawezi kulala hadi adhuhuri siku ya mapumziko. Huyo apunguze mwishoni, lakini asiziache saa hizo zote.

Chumba kinataka kazi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Nyumba ya mabati huwa tanuri kufikia saa 7 mchana, hivyo kila dakika unayopoteza asubuhi kwenye simu unaitoa katika sehemu bora ya usingizi wako. Ziba dirisha kwa pazia zito au kanga mbili za rangi nzito, ukiacha upenyo wa hewa. Chandarua usikiache kwa kuwa ni mchana: mbu aina ya Aedes, wanaoeneza homa ya dengue iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huuma mchana.

Kunywa kahawa au chai mwanzoni mwa zamu na uache kabla ya saa 8 usiku, maana baada ya takriban saa 5 nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kula mlo mkubwa kabla ya kwenda kazini, na usiku ule kidogo tu. Kabla ya kuondoka nyumbani jioni, lala hata dakika 20.

Kisha zungumza na watu wa nyumbani. Anayelala mchana huonekana hana shughuli, naye hutumwa dukani, huamshwa kupokea mgeni, huombwa ashike mtoto kidogo. Wataje kwa saa kamili wakati usiotaka kuamshwa, na uwaambie ni jambo gani linaloruhusu kukuamsha. Kazini, ikiwa zamu zinazunguka, omba zifuate mpangilio wa asubuhi, mchana kisha usiku; mwili huchelewesha usingizi kwa urahisi kuliko unavyouwahisha.

Mwenye kifafa asikubali zamu ya usiku bila kuonana na daktari, kwa kuwa kukosa usingizi huweza kuamsha degedege. Anayetumia insulini au dawa za shinikizo la damu naye aende na ratiba yake ya zamu kliniki, ili saa za dawa zipangwe kulingana nayo.