Mtu mzima anayehema: tofautisha chanzo kabla ya kutundika dripu

Mgonjwa akifikishwa mapokezi akihema juu juu, mikono hukimbilia nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta) na dripu. Zote mbili zinaweza kumwokoa au kumdhuru. Mwenye kisukari kilichopanda hadi mwili ukazalisha ketoni (kemikali zenye tindikali) anahitaji lita moja ya normal saline (dripu ya maji ya chumvi) ndani ya saa ya kwanza. Mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu ukimpa lita hiyohiyo, mapafu yanajaa maji.

Mkalishe wima, kisha hesabu pumzi kwa dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, pumzi moja uliyokosea inakuwa nne. Pumzi zinazofika 25, au mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi, ni hali ya hatari hata kama oksijeni inasoma vizuri. Oksimita, kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, nayo usiiamini upesi. Kidole cha baridi, rangi ya kucha na piko huivuruga. Badilisha kidole au tumia ndewe ya sikio, na usiandike namba mpaka mapigo yanayoonekana kwenye kioo yalingane na unayoyahisi kwenye kifundo cha mkono. Kwa ngozi nyeusi mara nyingine inasoma juu kuliko hali halisi. Aliyelala chumba kilichofungwa na jiko la mkaa atasoma 98% huku damu yake imejaa hewa ya sumu: huyo apewe oksijeni nyingi bila kujali namba.

Kwa wengine lenga 94–98%. Mwenye mapafu yaliyoharibika kwa miaka ya sigara au moshi wa kuni, lenga 88–92%.

Sasa sikiliza kifua, pande zote, mbele na mgongoni.

Ukisikia mluzi, watu husema pumu. Mara nyingi ni kweli, hasa kama kifua kimekuwa kikimbana tangu utotoni. Mpe salbutamol 5 mg kwa nebulaiza, au inhela na spesa (chombo kinachoshika dawa kati ya inhela na mdomo): puliza mara 4 hadi 10, moja moja, avute pumzi kadhaa kila baada ya mpulizo, urudie kila dakika 20 kwa saa ya kwanza. Spesa ikikosekana, chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako chake tundu lenye umbo la mdomo wa inhela, kisha ziba pembeni kwa plasta. Tundu likilegea dawa inaishia hewani. Prednisolone 40 mg itolewe mapema, kwa kuwa huchukua saa kadhaa kufanya kazi.

Lakini mluzi wa kwanza maishani kwa mtu wa miaka 60 mwenye presha, chunguza moyo kwanza. Muulize analalia mito mingapi na kama hushtuka usiku akitafuta hewa. Tazama mishipa ya shingo, bonyeza miguu uone kama shimo linabaki. Mluzi ulioanza dakika chache baada ya sindano ya penisilini au kung'atwa na nyuki, pamoja na vipele au midomo kuvimba, ni mzio mkali: adrenalini 0.5 mg kwenye msuli wa nje wa paja, rudia baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Haidrokotisoni haiwezi kuchukua nafasi yake.

Sauti za kutatarika, kama mahindi ya bisi yanapoanza kupasuka, zikiwa upande mmoja pamoja na homa na kikohozi, fikiria nimonia. Zikiwa chini ya mapafu yote mawili, fikiria maji yaliyotokana na moyo: usitundike dripu, andaa furosemide (dawa ya kukojoza maji ya ziada) 40 mg ya mshipani, mwite daktari. Mama aliye mwisho wa ujauzito au aliyejifungua miezi michache iliyopita hutibiwa nimonia mara kwa mara wakati moyo wake ndio umechoka.

Upande mmoja ukiwa kimya, gonga kwa vidole. Ukilia mzito kuna maji. Ukilia kama ngoma tupu ni hewa. Presha ikishuka na koo kusukumwa upande wa pili, hewa itolewe kwa sindano mara moja. Eksirei itafuata baadaye.

Wanaokosewa zaidi ni wenye mapafu safi. Hapo glukomita, kipima sukari, itoke mfukoni: pumzi ndefu za kina, tumbo kuuma, kukojoa sana, sukari juu na ketoni kwenye mkojo ni dalili za kisukari kile cha ketoni. Kama sukari ni sawa, geuza kope na viganja uone weupe wa upungufu wa damu, kisha pima hemoglobini. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, akabanwa ghafla na mguu mmoja umevimba, huenda ana bonge la damu mapafuni. Mwenye VVU ambaye oksijeni yake inaporomoka akitembea hatua chache, mweleze daktari uwezekano wa PCP, nimonia ya kuvu inayowapata wenye kinga dhaifu.

Pima upya baada ya dakika 15. Mluzi ukipotea huku mgonjwa akiongea vizuri zaidi, dawa imefanya kazi. Ukipotea huku akisinzia na kifua hakisikiki tena, hewa haipiti: ita msaada, leta ambubegi (mfuko wa kumpulizia hewa kwa mkono) karibu na usiondoke kitandani.