Somo: Kupata protini ya kutosha baada ya kupunguzwa tumbo, kwa vyakula vya jikoni kwetu

Habari zenu ndugu zangu. Nimetimiza miaka miwili tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza uzito, aina ya slivu, na karibu kila wiki kuna mtu ananipigia simu akilalamika kizunguzungu, magoti kukosa nguvu, nywele kujaa kwenye kitana. Nikimwuliza jana ulikula nini, jibu ni lile lile: supu. Asubuhi supu, mchana uji, jioni supu.

Mtaani wanasema "amekatwa utumbo". Kwenye slivu kinachokatwa ni mfuko wa tumbo: karibu robo tatu au zaidi huondolewa, unabaki mrija mwembamba kama ndizi. Kwenye baipasi, aina nyingine ya upasuaji huu, kinabaki kifuko kidogo sana, na utumbo nao huunganishwa upya. Vyovyote iwavyo, nafasi imekuwa finyu. Mwili usipoletewa protini huanza kula misuli yake wenyewe. Mzani unashuka, unafurahi, kumbe kinachoondoka si mafuta peke yake.

Hatua ya 1: Jua namba yako, kisha shika kipimo cha kiberiti

Wengi wetu huambiwa gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yako akupangie daktari au mtaalamu wa lishe, hasa kama una tatizo la figo.

Msichanganye gramu za protini na gramu za nyama. Kipande cha nyama, kuku au samaki kilichoiva, chenye ukubwa wa kiberiti, kina uzito wa kama gramu 30, na ndani yake mna protini gramu 7 hivi. Yai moja lina 6. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina 8. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva ni 7 au 8, lakini maharage hujaza haraka kuliko samaki. Mimi nilibandika orodha hii kwenye mlango wa friji, na mwezi wa pili nilikuwa nakadiria kwa macho tu.

Hatua ya 2: Usiruke awamu

Kwa kawaida wiki mbili za mwanzo ni vimiminika, kisha vyakula vilivyosagwa, kisha vyakula laini, na chakula cha kawaida kinarudi taratibu kuanzia mwezi wa pili. Ratiba ya hospitali yako ndiyo ya kufuata. Tumbo lina mshono, na kipande cha mishikaki wiki ya pili ni hatari.

Hatua ya 3: Protini iingie kwanza

Hapa ndipo wengi tunapokwama, kwa sababu tumelelewa kwamba bila ugali au wali hujala. Sahani ikija, anza na samaki. Akiisha, gusa mboga. Ikibaki nafasi, ndipo tonge moja dogo la ugali. Ukianza na ugali, samaki atarudi jikoni.

Nakumbuka yai langu la kwanza, la kuchemsha, nimelivuruga kwa maziwa kidogo. Nilitumia kijiko cha chai na nusu saa nzima, na robo yake ilibaki. Mama mkwe alisimama mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, ndiyo umeshiba?" Nilikuwa nimeshiba kweli.

Hatua ya 4: Tenga maji na chakula

Usinywe maji wakati wa kula, na ukimaliza subiri kama nusu saa. Maji yanakalia nafasi ya chakula. Halafu kati ya mlo na mlo piga funda ndogo ndogo mchana kutwa, ufikishe walau lita moja na nusu.

Hatua ya 5: Pika kwa majimaji

Kidari cha kuku kikavu kitakukaba. Utasikia kifua kinabana, mate mazito yenye povu yanajaa mdomoni, na utaishia kukitapika. Chukua paja, lichemshe hadi lichambuke, lirudishe kwenye mchuzi wa nyanya au tui jepesi. Samaki wa kupaka hushuka vizuri zaidi ya samaki wa kukaanga. Tafuna hadi chakula kiwe kama uji.

Hatua ya 6: Ongeza protini bila kuongeza ujazo

Koroga vijiko viwili vya chakula vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwenye glasi ya maziwa: unaongeza kama gramu 5. Mtindi usio na sukari uchuje kwa kitambaa safi usiku kucha ndani ya friji. Maji yanatoka, unabaki mzito, wenye protini nyingi kwa kila kijiko. Unga wa protini unasaidia sana miezi ya mwanzo, ila soma lebo, kwani mwingine ni sukari tupu. Siagi ya karanga ni tamu, lakini mafuta yake ni mengi kuliko protini, kwa hiyo kijiko kimoja kinatosha.

Siku yangu ya mwezi wa nne ilikuwa hivi: asubuhi yai moja na glasi ndogo ya maziwa yaliyoongezwa maziwa ya unga (protini gramu 17), saa nne mtindi uliochujwa, nusu kikombe (8), mchana samaki viberiti viwili na mchicha (14), saa kumi nusu kipimo cha unga wa protini (12), usiku kuku viberiti viwili (14). Jumla 65.

MASWALI

Unga wa protini ni ghali. Supu ya kongoro haiwezi kuziba pengo?
Haiwezi, ndugu yangu. Protini ya kongoro nyingi ni ile ya ngozi na kano, na inakosa baadhi ya viini ambavyo misuli inavihitaji. Kimbilio letu ni dagaa. Waondoe mchanga, waoshe, waanike, wakaange bila mafuta, wasage na uwachekeche. Gramu 10 za unga huo zina protini kama gramu 6. Nyunyizia kwenye mboga, ukianza na kidogo.

Dada, nina miezi minne, nywele zinatoka kwa mafungu. Nitabaki na kipara?
Hapana mdogo wangu. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita inatupata wengi, kwa sababu ya mshtuko wa upasuaji na uzito kushuka kwa kasi. Huota tena. Ila hesabu protini yako kwa siku tatu mfululizo, na upime damu na madini ya chuma.

Maziwa yananiharisha tangu nifanyiwe baipasi.
Hutokea. Jaribu mtindi, wengi wanauvumilia. Ukinunua unga wa protini, tafuta uliotolewa laktosi, yaani sukari ya maziwa, au wa soya.

Nina wiki saba, Ramadhani imekaribia. Nifunge?
Zungumza na daktari wako na shehe wako kabla. Kwa wiki saba, maji na protini za siku nzima haziwezi kutosha ndani ya saa za usiku kwa tumbo hilo. Mgonjwa ana ruhusa ya kulipa baadaye.

Mama yangu ana wiki ya sita, siku nne sasa anatapika kila anachokula, na tangu jana anayumba akitembea. Nimsagie nini?
Usimsagie kitu, mpeleke hospitali leo hii. Kutapika mfululizo baada ya upasuaji huu humaliza vitamini B1 mwilini, na ikiisha hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Mkifika tu, watajieni tarehe na aina ya upasuaji, na uwaulize kuhusu B1 kabla hawajamtundikia dripu ya sukari. Nenda na dawa zake zote. Ukifika nijulishe.